Miguu ya Réal

Huguette aliipindua baiskeli ya Réal magurudumu juu, palepale kando ya barabara, akaanza kuigongagonga fremu kwa kifundo cha kidole kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni.

"Iko wapi?"

"Iko wapi nini, mama?" Réal alikuwa amejinyoosha kwenye nyasi, hana hata jasho.

"Mota. Mzee wa miaka sabini hapandi kilima kile huku anapiga mluzi. Umeificha wapi?"

Ilikuwa asubuhi ya sikukuu ya Mtakatifu Yohana, na bendera za buluu na nyeupe zilipepea kwenye vibaraza vya kisiwa kizima cha Orléans. Kama kila mwaka, marafiki hao walikuwa wametoka mapema kutembea kwa baiskeli katikati ya mashamba: Huguette, aliyewahi kuwafundisha hesabu nusu ya watoto wa kisiwa, Réal, daktari wa meno mstaafu, na Lucien, aliyesambaza barua maisha yake yote, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anakifikia kilele, akiisukuma baiskeli kwa mikono, uso mwekundu kama kambakochi wa kuchemsha.

Huguette alichungulia chini ya kiti. Akachungulia ndani ya bomba la fremu. Hakuna kitu.

"Hewa tupu," alisema kwa uchungu.

"Ni mazoezi hayo," Réal alimwambia. "Na maziwa. Nyinyi mnakunywa nini? Kahawa na umbeya."

"Mwache mwenzio, Huguette," Lucien alisema akihema. "Jana kutwa nzima alikuwa gereji kwake anazipaka mafuta baiskeli zetu, bure, na leo unamsachi kama mwizi. Huna haya?"

Aliiegemeza baiskeli yake kwenye uzio, gurudumu la mbele likitazama bondeni. Haikusogea. Akajifuta uso kwa kofia.

"Halafu mwaka huu ndio mwisho wangu," alisema. "Nimeshaongea na mpwa wangu. Anakuja kuichukua Jumamosi."

"Kuchukua nini?"

"Baiskeli. Miguu imekwisha, jamani. Hata kwenye mteremko tuliopita asubuhi nilipiga pedeli. Mteremkoni! Nanunua kiti cha kubembea, nakaa kibarazani, natazama magari yanapita, kama marehemu baba."

"Hata mimi nilipiga pedeli," Huguette alisema haraka. "Upepo wa mtoni ule." Lakini sauti yake haikuwa na nguvu. Lucien alikuwa ameshaanza kuutazama mto kama mtu anayeuaga.

Réal aliketi wima.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na kibanda cha stroberi zilizochumwa asubuhi ileile. "Nendeni mkanunue," Réal alisema hatimaye. "Mimi nalinda baiskeli." Waliporudi walimkuta akijifuta vidole kwenye nyasi, na mkate wa Lucien, uliokuwa kwenye kikapu chake, umepungua pembe moja.

"Hujapona tamaa tu," Lucien alisema.

Desturi yao ilikuwa moja: kutoka pale ni mashindano mpaka kanisa la Saint-Laurent. Wa mwisho huwapikia wenzake jioni, kabla moto mkubwa wa sikukuu haujawashwa, na wa kwanza hukaa tu mezani akilalamikia chumvi. Tangu Réal astaafu, mlalamikaji alikuwa yeye.

Lucien aliondoka kinyonge. Kisha, kwenye mashamba ya viazi, akainua kichwa. Kwenye kona ya ghala jekundu akampita Huguette. Ulipofika mlima mdogo wa bustani za matofaa akampita Réal, ambaye alisimama juu ya pedeli, akainama, akakanyaga, ameuma meno, na bado akauona mgongo wa yule tarishi ukizidi kuwa mdogo.

Walimkuta mbele ya kanisa akicheza peke yake, kofia imegeuzwa nyuma, simu sikioni.

"Kanunue yako, mwanangu!" alikuwa anamfokea mpwa wake. "Nini? Hii haiuzwi! Hairithiwi! Nizikeni nayo!"

Huguette, wa mwisho kwa mbali, aliteremka akiwa hoi. Alimtazama Lucien akirukaruka, halafu akamvuta Réal pembeni, machozi yakimlengalenga.

"Umemwachia makusudi," alimnong'oneza. "Usinidanganye. Una moyo, mzee wewe." Akambusu shavuni.

Réal akatazama chini kwa unyenyekevu.

Alipofika nyumbani, mkewe Pierrette alikuwa anamsubiri mlangoni, mikono kiunoni.

"Huguette amenipigia simu analia. Eti umemwachia Lucien ashinde asije akaigawa baiskeli yake. Wewe? Wewe ambaye hujawahi kumwachia hata mjukuu wako?"

"Nimwachie wapi!" Réal alijitupa kwenye kiti, akaanza kulikanda goti. "Nimekanyaga mpaka nimeona nyota. Yule bwana ana miguu ya farasi, Pierrette! Mimi nimemlegezea breki tu, zile nilizomkazia jana."

Pierrette alishusha mikono kutoka kiunoni.

"Na za Huguette?"

"Za Huguette ziache hivyohivyo," Réal alisema. "Lazima mtu apike."