Kobe Alipowahi Harusini

Zamani hizo, kila baada ya mavuno, wanyama wa bondeni waliigiza komedi ileile ya nyimbo waliyoachiwa na babu zao. Bwana harusi alikuwa Kobe, na kila mwaka alichelewa kuingia jukwaani. Ili kuziba pengo, waimbaji waliimba na kurudia, "Bwana harusi yuko wapi?" na watazamaji wakaitikia, "Yuko njiani!"

Mwaka huo Korongo, mwongozaji mpya, alimwambia, "Mzee, safari hii usituaibishe."

Aibu hiyo Kobe alikuwa nayo miaka yote. Basi akaanza kutembea tangu alfajiri, akajibanza nyuma ya pazia. Bwana harusi alipotajwa tu, huyo, katokeza na kanzu yake!

Hakuna aliyecheka. Waimbaji wakatazamana, vinywa wazi, wimbo haujaanza.

Mwishowe Bi Kanga akasimama katikati ya watazamaji, macho yamemlenga machozi. "Mzee Kobe, mama yangu alinibembeleza kwa wimbo ule. Tafadhali, rudi ulikotoka. Hatujaimba."

Kobe akageuka, taratibu. Mwaka huo wimbo uliimbwa mara mbili: Kobe akitoka, na Kobe akirudi.