Uzi wa Nailoni

Kwa majuma kadhaa mume wa Kaari alidungwa vitamini chini ya goti, kisha akatundikiwa dripu ya kutibu neva za miguu zilizoharibiwa na ugonjwa wa sukari. Daktari alisema mgonjwa akihisi, macho yakiwa yamefumbwa, uzi wa nailoni ukimgusa mguuni, ataruhusiwa kukwea tena miti ya miraa, ambayo hukwewa miguu peku.

"Mama watoto, daktari akinigusa na huo uzi, nifinye bega," mumewe alinong'ona mlangoni. "Yeye atajuaje?"

Sasa alikuwa amefumba macho. Kaari alisimama nyuma yake, mkono begani.

Uzi wa daktari uligusa kidole gumba cha mguu, ukapinda. Ukucha wa kidole hicho ulikuwa umepasuka, damu imekauka, na mumewe hakuwa amelalamika.

Kaari aliondoa mkono.

Mumewe alingoja, akatabasamu.

"Daktari, si uanze?"