Krimu ya Paris

Nilimkuta mama mkwe wangu, Stamena, bafuni, kidole chake chenye nyufa kimezama kwenye kikopo cha krimu yangu ya kuondoa makunyanzi.

"Mama, hiyo ni nusu ya mshahara wangu. Sura ipi hiyo unayoipamba?"

Aligeuka. Ndipo nikaona mkononi mwake kopo la mafuta anayowapaka ng'ombe wake kwenye viwele. Hakuwa anachota. Alikuwa anajazia.

"Yako niliimwaga wakati wa Pasaka, mwanangu. Nikaogopa kukwambia, tangu hapo najazia haya."

Sebuleni, wageni waliokuja kusherehekea siku ya mtakatifu ambaye mume wangu ana jina lake walikuwa bado wanausifu uso wangu. "Bibi Stamena," mmoja aliita, "mkamwana wako anajipaka nini?"

Alinitazama, akafunika kikopo.

"Ya Paris hiyo," akajibu. "Sisi wa shamba tutaijulia wapi?"