Majibu Yasiyofanana

Siku ya sensa, Bi Mwanakheri alimsomesha mumewe, Mzee Makame, tangu chai ya asubuhi.

"Wewe unapenda mihogo, mimi chapati. Ukikosea tumekwisha!"

Mashine ya sensa haihesabu watu, inahesabu majibu. Wa nyumba moja wakijibu sawa, huandikwa mtu mmoja. Ndiyo maana juma la sensa kila nyumba hugombana kwa bidii, na wanandoa wa miaka arobaini kama hawa hugombana kushinda wote.

Kila mmoja akaingia kibanda chake. Mwaka huu mashine haikuuliza habari ya chakula.

"Unaogopa nini kuliko vyote?"

Bi Mwanakheri akasahau mazoezi yote. "Kubaki peke yangu," akajibu.

Nje wakapewa karatasi: *Wakazi wa nyumba: mmoja.*

"We mzee, kwani ulijibu nini?"

Makame akamwambia. Wakacheka hadi machozi, wakacheka njia nzima, mpaka mlangoni kwao. Mlango ulikuwa umeshapata habari.

"Karibu nyumbani," ukasema. "Aingie mmoja."

Wakatazamana.

"Tangulia wewe," wakasema, wote kwa pamoja.