Shibiti au Shaba

Kwenye ngazi za ofisi ya ndoa mjini Toruń, Bi Ludmila alikuwa amemshika Mzee Seweryn tai, anamwambia kwamba shaba hailiwi.

Bogna, binti yake Ludmila, alifumba macho. Mkononi alikuwa ameshika maua. Yeye na Ziemowit, mtoto wa Seweryn, walikuwa wamehangaika majira yote ya baridi kuifikisha siku hii, na sasa wazazi wao walitaka kuivurugia mlangoni.

Ugomvi ulianzia makumbushoni, kwenye mhadhara kuhusu Kopernik, yule mwanafalaki aliyezaliwa mji huo huo. Mhadhiri aliuliza jina lile limetoka wapi. Ludmila, muuza matango ya siki sokoni, akasimama. Alisema kila mwenye jiko anajua koper kwa Kipolandi ni shibiti, majani yale membamba yanayotiwa kwenye matango, basi ukoo wa Kopernik ulikuwa wa wauza shibiti. Nyuma ya ukumbi Seweryn, fundi wa mapaa ya shaba, akacheka kwa sauti. Alisema Wajerumani waliokuwa wamejaa mjini zamani waliita shaba kupfer, na kwamba mtu aliyeizungusha dunia hawezi kuwa na jina la kachumbari.

Walibishana mpaka taa zikazimwa. Bogna na Ziemowit walikutana mlangoni, kila mmoja akimvuta wa kwake, wakaangaliana, wakaangua kicheko.

Tangu hapo hakukupita Jumapili Bogna asionekane kwa akina Ziemowit. Mama yake alikuwa akimpa chupa ya matango ampelekee yule mbishi, aonje mwenyewe. Chupa ilirudi tupu, na ndani yake kijiko cha shaba kilichofuliwa kwa mkono. Ludmila alikitukana kijiko kile, kisha akawa hakorogi chai kwa kingine.

Katikati ya baridi wakasafiri wote wanne hadi Koperniki, kijiji ambako husemwa ukoo ule ulitokea. Ludmila alitafuta shibiti chini ya theluji. Seweryn alitafuta dalili za machimbo. Hawakupata kitu, wakalaumiana garini wakati wa kurudi. Kisha viti vya nyuma vikanyamaza, na Bogna akageuka haraka kuhakikisha hawajauana.

Sasa waliingia ndani. Ziemowit alikuwa amevaa suti mpya, jasho linamtoka. Alimnong'oneza Bogna kwamba leo baba yake lazima atafanya kituko.

Msajili, mama wa makamo mwenye mkufu wa nembo ya taifa, ndege tai mweupe, kifuani, aliuliza kama kuna mwenye neno kabla hajaanza.

"Mimi ninalo," akasema Seweryn. "Bi Ludmila akubali kwanza kwamba ni shaba."

Bogna akamgeukia Ziemowit.

"Ni shibiti," akasema Ludmila, "na nitalisema hilo hata kaburini."

Ukumbi mzima ukacheka. Msajili akavua miwani, akawatazama wazee wale wawili.

"Mkishaoana mtakuwa na umri wote uliobaki wa kubishana," akasema. "Mashahidi, sogeeni nyuma kidogo."

Bogna akamkabidhi mama yake maua, akarudi nyuma kusimama kando ya Ziemowit, kaka yake mpya.