Nungunungu Aliyealika Kutu

Katika bonde moja lenye baridi waliishi wakulima wawili wa ngano, Ngiri mwenye majivuno na Nungunungu mwenye subira. Mwaka mmoja Nungunungu alikusanya mbegu za ngano za kila aina, akazipanda mistari mistari ng'ambo ya mlima, mbali na mashamba ya wenzake. Ngano ilipokua, akaleta mashina yaliyoshikwa na kutu, ule ugonjwa unaokausha ngano, akayapandikiza katikati yake.

Ngiri alipomwona akapiga kelele, "Jirani, umerogwa? Nani anaukaribisha ugonjwa shambani kwake?"

"Natafuta ngano isiyouogopa," akajibu Nungunungu.

Karibu yote ikafa. Ukasalia mstari mmoja wa ngano fupi, isiyopendeza macho. Ngiri akacheka hadi akakaa chini. Nungunungu akauvuna, akazidisha mbegu msimu baada ya msimu, mpaka zikatosha shamba lake lote la bondeni.

Kisha upepo ukaleta kutu bondeni. Ngano ndefu ya Ngiri ikawa nyekundu kama udongo, masuke yakabaki makapi matupu. Ya Nungunungu iliinama kwa uzito wa punje.

Ngiri akaja, macho chini. "Nilikucheka, jirani. Nisaidie mbegu, wanangu wasife njaa."

Nungunungu akamjazia gunia. "Chukua. Shamba lako likiugua kila mwaka, siku moja upepo utaniletea kutu ambayo hata ngano hii haitaiweza."

Katika mavuno yaliyofuata, bonde zima lilikula mkate, na aliyeisifu ngano fupi kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Ngiri.