Tumbo la Kipepeo wa Yungas

Nilipodondosha tone la maji ya moto kwenye tumbo la kipepeo mkavu, pale lilipoungana na kifua paligeuka peupe, pakaanza kunata. Gundi.

Kwa miaka minne nilikuwa nimemchunguza peke yangu kipepeo huyu wa misitu ya Yungas, katika makumbusho haya ya mji wa Cochabamba. Mabawa yake ni ya kawaida. Tumbo pekee ndilo lililomfanya awe spishi mpya. Jumatatu nilikuwa nimtangaze kwa jina jipya.

Nilimwita mzee Eulogio, mfagizi, mtu pekee ninayezungumza naye humu.

"Tumbo lilidondoka nikipangusa vumbi," alisema, majani ya koka anayotafuna yamejaa shavuni. "Nikalibandika. Nilijua utalia, binti yangu. Wewe huwa unalia hata nzi akivunjika mguu!"

"Lilikuwa la huyuhuyu?"

Alijikuna kisogo. "Yalidondoka mawili. Nikakuchagulia lililonona."

Alitazama vidole vyake vinene, vilivyoweza kubandika kitu chembamba kuliko punje ya mchele bila kukivunja.

"Nimekuharibia?"

"Ndiyo, mzee."

Hakuondoka. Nilisimama, nikampa kiti changu, maana humu hakuna kingine.

"Kaa. Tumtafute yule wa pili, mwenye tumbo hili."